Jagi, saa na daftari: namna ya kuzishuhudia figo zako zikifanya kazi

Nyumbani kwangu kuna jagi la plastiki la lita moja, lenye alama za mililita ubavuni na msalaba mkubwa mwekundu uliochorwa kwa wino usiofutika. Msalaba aliuchora mke wangu siku aliyonikuta nalo chooni. Hakuuliza mengi. Alichukua kalamu, akachora, akasema, "Hili lisirudi kabatini." Halijarudi. Miaka minane imepita, na jagi hilo limenifundisha habari za figo kuliko vitabu nilivyosomea ualimu.

Nafundisha baiolojia. Zamani nilikuwa naanza somo la figo kwa kuchora chujio ubaoni: damu chafu inaingia huku, damu safi inatoka kule, uchafu unakwenda kibofuni. Wanafunzi wananakili, kengele inalia, tunaagana vizuri. Mpaka siku moja binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, chujio si hupitisha vidogo na kuzuia vikubwa?"

Nikasema ndivyo.

"Sasa sukari na chumvi si vidogo? Mbona havitoki vyote na mkojo?"

Nilitazama saa. Nikamwambia tutaliendeleza kipindi kijacho.

Kipindi kijacho nilikwenda na jibu, lakini chujio sijalichora tena tangu hapo. Badala yake nina zoezi ambalo humpa mtu mzima yeyote anayetaka kuelewa mkojo unatoka wapi na kwa nini leo ni mwingi, kesho haba. Linahitaji asubuhi moja isiyo na safari, jagi, saa, daftari na chupa sita ndogo zinazopenyeza mwanga. Ila kwanza lazima uelewe unachokwenda kukitazama, la sivyo utabaki unapima tu.

Kumwaga na kuokota

Fikiria droo iliyojaa makorokoro ya miaka mitatu. Unaweza kuisafisha kwa njia mbili. Ya kwanza, unapekuapekua, unatafuta takataka, unaitoa moja moja. Ya pili, unamwaga vyote sakafuni, unarudisha unavyovitaka, vilivyobaki unavifagia. Ya kwanza inaonekana ya akili zaidi, lakini inakudai uitambue kila takataka kwa sura. Ya pili inakudai kujua kitu kimoja tu: nini unakihitaji.

Figo hufuata ya pili. Kitu kigeni kilichoingia kwenye damu, hata kama mwili haujawahi kukutana nacho, kikiwa kidogo vya kutosha kitamwagwa pamoja na vingine, bila figo kuhitaji kukifahamu.

Kumwaga hufanyika kwenye vifundo vya mishipa ya damu iliyo myembamba mno, viitwavyo glomeruli. Marcello Malpighi wa Italia aliviandika mwaka 1666 baada ya kuviona kwa hadubini. Mwaka 1842 William Bowman wa Uingereza akaonyesha kuwa kifundo kimekumbatiwa na kikombe, na kwamba kikombe hicho ndicho mwanzo wa mrija. Kifundo, kikombe na mrija wake, vyote kwa pamoja, ndiyo nefroni. Kila figo ina nefroni zipatazo milioni moja, na figo yenyewe ni ya ukubwa wa ngumi tu.

Figo zote mbili hazifiki nusu ya asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini moyo huzipelekea karibu moja ya tano ya damu yote unayoisukuma, lita moja hivi kila dakika. Shinikizo la damu hiyo husukuma maji, chumvi, sukari, urea (taka inayobaki protini zikivunjwa) na vidogo vingine kupenya ukuta wa kifundo na kudondokea kikombeni. Chembe za damu na protini kubwa hubaki ndani ya mshipa. Kinachodondoka ni kama mililita 125 kwa dakika.

Hapo ndipo huwa nawaambia wanafunzi washike kalamu. Siku ina dakika 1,440. Zidisha kwa 125: mililita 180,000. Lita 180 kwa siku! Na plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, mwili mzima una lita 3 tu hivi. Maana yake maji yale yale humwagwa sakafuni na kuokotwa tena mara 60 kwa siku. Unachokojoa ni lita moja na nusu hivi, basi. Katika kila lita 100 zilizomwagwa, 99 na ushee zimerudi kwenye damu.

Kwa hiyo ukiona mkojo umeongezeka au umepungua, usidhani figo imezidisha au imepunguza kumwaga. Kwa mtu mzima wa afya, kumwaga kunakwenda kwa kasi ile ile karibu saa zote. Kinachobadilika ni kuokota. Hilo ndilo utakalolishuhudia kwenye jagi.

Kipande cha kwanza cha mrija, kile kilichojisokota jirani na kikombe, huokota theluthi mbili hivi ya maji na chumvi, na sukari yote. Hakijali umekunywa ndoo au hujagusa maji tangu jana. Kinaokota fungu lile lile. Jibu la binti yule liko hapa: sukari hupita kweli, kisha huokotwa. Lakini waokotaji wake wana kikomo. Sukari ya damu ikipanda kupita miligramu 180 hivi kwa desilita, wanazidiwa, sukari inabaki mrijani, nayo inashikilia maji yasirudi. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari ambacho hakijadhibitiwa hukojoa kila mara na kiu haimwishi.

Nani asifanye zoezi hili

Kama una ugonjwa wa moyo, wa figo au wa ini, kama ni mjamzito, unatumia dawa za kutoa maji mwilini, au daktari amewahi kukupangia kiasi cha maji ya kunywa, soma tu, usifanye. Watoto nao waachwe. Na wewe uliye mzima, lita moja ni lita moja, usiongeze ili "uone vizuri". Figo zenye afya huweza kutoa maji ya ziada kama lita moja kwa saa, si zaidi sana. Anayeshindilia lita nne au tano mfululizo anazipita mbio figo zake mwenyewe. Chumvi ya damu inazimuliwa, maji yanaingia kwenye seli, na seli za ubongo zikivimba hazina pa kupanukia, fuvu ni mfupa. Watu wamekufa kwenye mashindano ya kunywa maji.

Kujiandaa

Siku inayotangulia ishi kama kawaida yako, ila usinywe pombe. Nitakueleza kwa nini. Usifanye mazoezi mazito jioni. Asubuhi ukiamka nenda chooni, kojoa hadi kibofu kiishe, mkojo huo utazame rangi halafu umwage. Andika saa. Baada ya nusu saa kojoa tena, safari hii kwenye jagi. Hicho ndicho kipimo chako cha mwanzo, na utashangaa udogo wake. Mimi hupata mililita 30 hivi, nzito, rangi ya dhahabu iliyokolea.

Sasa kunywa lita moja ya maji ya kawaida, yasiwe baridi, ndani ya robo saa. Polepole. Baada ya hapo kila nusu saa nenda chooni, ubanwe usibanwe, kwa muda wa saa tatu. Pima, andika, weka kiasi kidogo kwenye chupa, chupa ipe namba. Kutosubiri kubanwa ni muhimu. Kibofu huanza kukupa taarifa kikifika mililita 150 au 200, na huvumilia hadi 400 au 500, kwa hiyo ukikisikiliza chenyewe utapima kibofu badala ya figo. Kibofu, kwa kweli, sina mengi ya kukisema. Ni mfuko. Mkojo ukishafika humo umekwisha kuamuliwa.

Nilisema asubuhi isiyo na safari. Mara ya kwanza sikulitii sharti langu mwenyewe. Nilikunywa lita saa 1:00 asubuhi, saa 1:30 nikajipima, nikaona mililita 45, nikajiambia kumbe hakuna cha kuogopa. Nikapanda basi. Ilipofika saa 2:15 nilikuwa nimekalia ukingo wa kiti, nahesabu nguzo za umeme. Saa 2:25 nilimwomba kondakta asimamishe gari mahali ambapo hapakuwa na kituo wala kichaka. Abiria walinitazama nikishuka na begi la madaftari. Begi lilinisitiri. Siku hiyo nilielewa mambo mawili: kwamba mkojo wa maji ya kunywa huchelewa, na kwamba ukishaanza hauna utani.

Daftari linavyosoma

Hizi ni namba zangu za siku niliyotulia nyumbani, nimekunywa saa 1:00. Saa 1:30 nilipata mililita 45. Saa 2:00, 180. Saa 2:30, 340. Saa 3:00, 250. Saa 3:30, 95. Saa 4:00, 40. Jumla 950. Zako hazitalingana na zangu, lakini umbo litalingana: kimya, mlima, kisha kimya tena.

Panga chupa sita dirishani. Ya kwanza bado ina dhahabu. Ya pili imepauka. Ya tatu, sitanii, ukiiweka karibu na chupa ya maji safi utasita kidogo kabla ya kusema ipi ni ipi. Kisha rangi inarudi, na ya sita inakaribia ile ya mwanzo. Watu huona chupa ya tatu wakasema, "Figo zimesafishika." Hapana. Rangi ya mkojo hutokana hasa na urobilini, bidhaa ya mwisho ya kuvunjwa kwa chembe nyekundu za damu zilizozeeka, na mwili unaitengeneza kwa mwendo wake bila kujali umekunywa nini. Katika nusu saa ile ya tatu rangi haikupungua. Ilitandazwa kwenye maji mengi, basi.

Kabla hujasoma mbele, jiulize: lita ile ilikuwa tumboni tangu saa 1:15. Mbona nusu saa ya kwanza figo zilikaa kama hazijui?

Kimya cha nusu saa

Zilikuwa hazijui kweli. Figo haina habari na glasi yako. Habari hupitia ubongoni.

Mtu wa kilo 70 ana maji yapata lita 42 mwilini, mengi yakiwa ndani ya seli. Ongeza lita moja na damu inazimuka kwa asilimia 2 na kitu hivi. Kwako ni kidogo, hata ulimi usingeonja tofauti. Lakini chini ya ubongo, kwenye haipothalamasi, kuna seli zinazohisi mabadiliko ya hata asilimia 1. Damu ikiwa nzito, seli hizo husababisha tezi ya pituitari kumwaga homoni iitwayo vasopresini. Damu ikizimuka, bomba la vasopresini linafungwa.

Kufungwa kwa bomba hakumalizi kazi. Kwanza maji yalihitaji muda kutoka tumboni hadi kwenye damu. Halafu vasopresini iliyokwisha kumwagwa bado inazunguka. Nusu yake huchukua dakika 10 hadi 20 kuondoka. Ni kama zamu mpya imetangazwa lakini wafanyakazi wa zamu iliyopita hawajavua ovaroli. Mpaka watoke, figo zinaendelea kuokota maji kama vile bado ni usiku. Ndicho kimya ulichokiandika saa 1:30.

Na ndiyo sababu ya kukatazwa pombe. Pombe huizuia pituitari kutoa vasopresini. Mnywaji hukojoa zaidi ya alichokunywa, huamka mdomo umekauka, na kipimo chake cha mwanzo hakina maana tena.

Chora kitanzi

Tumefika kwenye sehemu ninayoipenda, na ambayo wengi huiruka kwa sababu ya jina. Chukua karatasi.

Chora mstari mlalo katikati ya karatasi. Juu yake ni gamba la figo, chini yake ni kina cha figo. Juu, upande wa kushoto, chora kikombe. Kutoka kwenye kikombe chora mrija uliojisokota. Hicho ni kile kipande kisichouliza maswali. Sasa uteremshe mrija moja kwa moja chini, uvuke mstari, ufike karibu na ukingo wa chini wa karatasi, ugeuke kama pini ya nywele, upande tena juu sambamba na ulikoshukia. Hicho ni kitanzi cha Henle, kwa jina la Jakob Henle, Mjerumani aliyekieleza mwaka 1862. Mrija ukifika juu, uusokote kidogo tena, kisha uunganishe na mrija mwingine mnene unaoshuka upande wa kulia kutoka juu hadi chini kabisa. Huo mnene ni mrija wa kukusanyia. Mwisho wake ndiko mkojo unakotokea.

Tazama karatasi yako. Mrija umeshuka kwenye kina, umepanda, halafu umeshuka tena. Kwa nini usumbufu wote huo?

Kwa sababu figo haina pampu ya maji. Hakuna kiungo chochote mwilini kinachoweza kushika maji na kuyasukuma kupitia ukuta wa seli kwa hiari yake. Kinachopigwa pampu ni chumvi. Maji hufuata yenyewe, yakivutwa kuelekea palipo na chumvi nyingi zaidi. Basi ukitaka kuyaokota maji, huna budi kutengeneza mahali penye chumvi kali, uyapitishe maji jirani, uyafungulie mlango.

Kitanzi ndicho kinachotengeneza mahali hapo. Andika "maji yanatoka" kwenye mkono unaoshuka: kuta zake huruhusu maji, hazitoi chumvi. Andika "chumvi inatolewa" kwenye mkono unaopanda: seli zake zina pampu kali za chumvi, lakini kuta zake hazipitishi maji hata tone. Kwa hiyo chumvi inatolewa nje bila maji kuifuata, inabaki kurundikana katikati ya mikono miwili, na mkono unaoshuka unapita ndani ya mrundikano huo, unapoteza maji, unafika chini ukiwa mzito, unapanda na kuiachia chumvi hiyo tena. Kila mzunguko unaongeza juu ya uliopita. Urea nayo hushiriki. Ile tunayoiita taka, figo huitumia kwanza kuongeza ukali wa kina chake kabla ya kuitupa. Matokeo yake, chini kabisa ya karatasi yako majimaji yanayozunguka mirija ni makali mara nne kuliko damu. Tia kivuli cha penseli: chepesi karibu na mstari, kizito kadiri unavyoshuka.

Sasa rudi kwenye mrija wa kukusanyia, ule mnene. Unashuka katikati ya kivuli chote hicho. Ndani yake kuna majimaji yaliyozimuka, maana mkono uliopanda umeyanyang'anya chumvi. Nje pana ukali unaoyavuta. Kati yao, ukuta. Mambo yote ya asubuhi yako, kimya, mlima na kimya, yanaamuliwa na jambo moja: ukuta huu una milango au hauna.

Milango ipo kweli, ni protini zinazoitwa akwaporini. Aliyezigundua ni Peter Agre wa Marekani, mwaka 1992, kwenye chembe nyekundu za damu, akashiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003. Katika mrija wa kukusanyia, seli huziweka akwaporini akiba ndani ya vifuko vidogo. Vasopresini ikigonga upande wa pili wa seli, vifuko vinasogea hadi ukutani na milango inabandikwa. Maji yanavutwa kurudi, mkojo unakuwa haba na mzito. Vasopresini ikiisha, seli inaing'oa milango na kuirudisha kwenye vifuko. Maji yanapita bomba zima bila pa kutokea, yanaishia kwenye jagi lako saa 2:30, mililita 340, rangi hakuna.

Ukiielewa milango hii umeelewa mkojo. Mengine ni nyongeza.

Lita yenye chumvi

Nyongeza moja lakini haikosi utamu, ingawa kinywani haina utamu wowote. Chuoni tulifanya zoezi hili mara mbili chini ya uangalizi, mara ya pili tukikoroga gramu 9 za chumvi kwenye lita, kiasi kile kile kilichomo kwenye dripu ya chumvi ya hospitali. Usiirudie nyumbani, inachefua, na kwa mwenye shinikizo la damu si mchezo. Nakupa matokeo bure: mlima haukutokea. Saa tatu nzima, hakuna nusu saa iliyonipa zaidi ya mililita 70.

Maji yale yale, lita ile ile. Tofauti ni kwamba maji yenye gramu 9 za chumvi yana uzito sawa na damu, kwa hiyo damu iliongezeka bila kuzimuka. Zile seli za ubongoni hazikuona kitu, milango ikabaki ilivyo. Ziada ya namna hii hushughulikiwa na njia nyingine, inayopima ujazo na shinikizo: figo hupunguza kimeng'enya cha renini, aldosteroni, homoni inayozifanya figo ziishikilie chumvi, inashuka, chumvi huachwa itoke kidogo kidogo na maji yakaifuata. Kazi hiyo ni ya saa nyingi, hata siku nzima na zaidi. Ndiyo maana aliyekula chumvi nyingi jana huamka na pete imembana kidoleni.

Mengine ya kuyaandika daftarini

Ukishapata asubuhi yako ya kwanza, endelea kutazama bila jagi. Mkojo wa alfajiri ni mzito kwa sababu vasopresini hupanda usiku ili ulale. Siku ya jasho jingi rangi hukolea hata kama umekunywa sana, kwa kuwa ngozi imechukua kabla figo hazijapata. Vitamini B za vidonge hugeuza mkojo manjano ya kung'aa, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huutia rangi ya chungwa. Zote mbili hazina uhusiano na uzito wa mkojo.

Hata ukinyimwa maji kabisa, mkojo hauwi sifuri. Kuna urea na chumvi za lazima kutolewa kila siku, na ukali wa mkojo wa binadamu una mpaka: mara nne ya damu, kama kile kivuli cha chini ya karatasi yako, kwa sababu maji hayawezi kuvutwa kupita ukali wa mahali yanapovutwa. Kwa mpaka huo, taka za siku haziwezi kutoka kwa chini ya nusu lita hivi. Aliyepotea baharini naye ananaswa na mpaka huo huo. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita, na figo ya mtu haiwezi kuitoa chumvi hiyo yote bila kuongeza maji ya mwilini mwake. Kila anapokunywa anakauka zaidi.

Yako mambo ambayo si ya daftari bali ya hospitali: mkojo mwekundu au wa kahawia bila sababu inayojulikana, povu zito linalorudi siku baada ya siku, uvimbe wa miguu au kope, mkojo usiofika mililita 400 kwa siku ilhali unakunywa, au kuamka kukojoa mara nyingi usiku wakati zamani hukuwa hivyo. Lakini figo huugua kimyakimya, na jagi halitakuonyesha. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apimwe kreatinini ya damu, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa, na protini ya mkojo hata kama anajisikia mzima.

Binti yule wa dawati la mbele siku hizi yuko chuo. Mwaka jana nilimpa maelekezo haya, akaniletea daftari lake akiwa amenuna. Saa tatu, jumla mililita 380. Hakuna mlima, ni kichuguu tu. "Mwalimu, nimekosea wapi? Au figo zangu mbovu?"

Nikamuuliza siku iliyotangulia alifanya nini. Alikuwa amekimbia jioni nzima kwenye jua, akarudi amechoka, akalala bila kunywa kitu cha maana. Tulichukua kalamu tukapiga hesabu: jasho la jioni ile lingeweza kabisa kufika lita moja. Aliamka damu ikiwa nzito, milango yote imebandikwa, na lita yake ilipoingia ilifidia kwanza jasho la jana. Kilichofika kwenye jagi ni chenji.

"Kwa hiyo nirudie?" akauliza.

"Rudia," nikamwambia. "Na hilo jagi, umelichora msalaba?"

Hakuwa amelichora.